Ngwe Chini ya Dungu la Mgeni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Regula ni kwamba alivaa saa kwenye mikono yote miwili. Wengine waliona nywele zake, zilizokuwa na rangi ya mabua ya mpunga, na wengine waliona begi la mgongoni lililomzidi upana. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na birika la maji ya kunawa, na kwa kuwa siwezi kumtazama mtu usoni, nilitazama mikono. Saa ya kulia ilikuwa nyeusi, ya plastiki. Ya kushoto ilikuwa ndogo, ya mkanda wa ngozi nyekundu. Nikamnawisha, zote mbili zikalowa.

Baadaye alitueleza. Ya kulia ilifuata wakati wetu, ya kushoto ilifuata wakati wa kwao Uswisi, ili ajue kila mara mama yake anafanya nini. Baba mdogo Hermenegildi alifurahi sana, akawaita majirani waje wazione. Mimi nilimwuliza mama mdogo jikoni tofauti yenyewe ni kiasi gani. Akaenda kuuliza, akarudi.

"Saa mbili," akasema. "Na huko kwao jua likianza kuwaka, inabaki moja."

Kwa tofauti ya saa mbili mtu amebeba mashine nyingine. Sisi tukienda shambani, kijiji cha Mbingu, tunakaa wiki sita, na hakuna aliyewahi kujifunga kitu mkononi ili ajue nyumbani Ifakara wanapika nini.

Hiyo ilikuwa Januari 1995. Mwanafunzi wa kubadilishana, ndivyo walivyomwita. Parokia ya kwao na ya kwetu zilikuwa na urafiki, basi msichana wao wa miaka kumi na saba akaja kukaa mwaka mmoja, asome sekondari ya hapa na aishi kama mtoto wa nyumba. Wa kwetu wa kubadilishana naye sikumwona akiondoka. Nilisubiri jina litangazwe kanisani Jumapili kadhaa, halikutangazwa.

Mtoto wa nyumba ile, kwa wakati huo, nilikuwa mimi. Edna, binti yao wa kumzaa, alikuwa bweni Mahenge. Mama mdogo Balbina ni mdogo wake marehemu mama yangu, na mimi niliingia kwake mtaa wa Viwanja Sitini nikiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya kuacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa, na sikuwa mjinga. Mwaka ule mama alikuwa anaumwa, nikaenda kuamia ndege badala yake, kushinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, nikifukuza ndege wasile mpunga, wiki saba. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshafanya mtihani. Mwaka uliofuata mama hakuwepo. Kwa hiyo najua mtoto wa nyumba anaishije, na Regula hakuishi hivyo hata siku moja.

Alipewa kitanda cha Edna na chandarua kipya. Chooni baba mdogo aliweka kiti cha mninga alichokitoboa katikati, juu ya tundu, akakipiga msasa siku mbili nzima. Alikuwa kwenye kamati ya parokia iliyompokea mgeni, na nadhani aliamini kwamba Uswisi nzima ingemhukumu kwa kiti kile. Mama mdogo naye alipiga marufuku kambale.

"Ataona zile ndevu atapike," alisema. "Mpe wali na mayai."

Basi Regula akala wali na mayai, mwezi mzima. Siku moja akaingia jikoni akanikuta nimekaa kwenye kibao na ugali wa muhogo na kipande cha kambale wa kukaanga. Akachuchumaa, akaomba kuonja, akamaliza samaki wangu wote, akasema ni mtamu kuliko chakula anachopewa yeye. Kuanzia kesho yake mama mdogo alitangaza mtaani kwamba mgeni wetu anakula kambale, kwa sauti ya mwanamke aliyejifungua mapacha. Hakuna aliyeniuliza mimi nililala nimekula nini.

Asubuhi alikwenda shule kwa baiskeli, amevaa sketi ya bluu iliyoshonwa upya mara mbili kwa sababu ya miguu yake mirefu. Saa tisa alirudi, mwekundu kama nyanya, akasema amejifunza mengi. Jioni alitaka kufanya kazi zangu. Alichota maji nusu ndoo, akayamwaga robo njiani, na akina mama bombani wakampigia vigelegele. Alitwanga mpunga, kwa muda ambao mtu anasali Baba Yetu mbili, akapata malengelenge, akafungwa kitambaa. Wanawake walinitania mimi.

"Apolonia, mzungu wenu leo kabeba ndoo au kikombe?"

"Ndoo."

"Yenye maji?"

Walicheka, nami nikainamisha kichwa, lakini moyoni nilikuwa nacheka zaidi yao.

Alikuwa na daftari la shule ya kwao. Kila jioni aliandika humo maisha ya kila siku, maana walimu wake wangelisoma akirudi. Alinifuata hadi kwenye moshi wa jiko nalo.

"Apolonia, unajisikiaje kuamka kabla ya jua?"

"Kawaida."

"Na kuacha shule, ulijisikiaje?"

"Kawaida."

Akaandika. Sijui unaweza kuandika mistari mingapi juu ya neno kawaida, lakini yeye alijaza ukurasa. Siku nyingine aliniletea kitabu cha darasa la pili, chenye picha ya paka, akasema tutasoma pamoja. Nilisoma ukurasa mzima bila kusimama. Akanishika bega, machozi yakamlengalenga. Nilielewa kwamba ameandika pia kwamba sijui kusoma, na sasa atalazimika kufuta.

Kusema kweli hakuwa na roho mbaya. Ndiyo maana nilimdharau. Mtu mwenye roho mbaya ningemwogopa.

Sasa niseme habari ya ngwe. Shamba la baba mdogo liko bondeni, upande wa Mbingu, na mwaka ule kwa mara ya kwanza alinipimia ngwe yangu mwenyewe, kipande kirefu kando ya njia. Kulikuwa na masista waliokuwa wakifundisha wasichana ushonaji kwa mwaka mmoja. Walipokea mwezi wa saba. Hawakuuliza umeishia darasa la ngapi, waliuliza tu kama umekuja na magunia mawili ya mpunga ya chakula chako. Baba mdogo alisema mbele ya mama mdogo, "Ngwe hii ikitoa magunia mawili, unakwenda kwa masista. Isipotoa, tutaangalia mwakani." Nililima ngwe ile peke yangu. Niliipalilia mara mbili. Mwezi wa tano ilikuwa imeinamisha vichwa, na mtu yeyote aliyepita njiani alisema hapa patatoka matatu.

Wakati huo Regula akafunga shule kwa likizo, akasema na yeye anataka kwenda kuamia ndege.

Nilidhani watamkatalia. Badala yake baba mdogo aliondoka siku tatu kabla yetu, akamjengea dungu jipya lenye ngazi ya vipago vinene na kivuli cha makuti. Alilijenga kando ya njia, ili watu wa parokia wakipita wamwone mgeni akiwa kazini, na padri apate kupiga picha. Chini ya dungu hilo ilikuwa ngwe yangu.

"Shamba kubwa ni gumu, linamtaka Apolonia," alisema tulipofika. "Regula atalinda hii ngwe ya njiani. Ni ndogo, haitamshinda. Apolonia, una neno?"

Nilikuwa nalo.

"Sina, baba mdogo."

"Nitalinda mpunga wako kama wangu," Regula akaniambia, akinishika mikono yote miwili. Hakuwa na mpunga.

Bondeni kuna adabu yake, na nilimfundisha siku ya kwanza. Ndege ukiwafukuza hawapotei, wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo kila dungu lina ndege wake. Huwarushii ndege waliotua kwenye mpunga wa dungu jingine mpaka mwenyewe akuite. Akiona wamemzidi anapiga kelele, "Njooni, wamezidi," na hapo kila mwenye kombeo anakimbia, mnawasukuma pamoja kuelekea mtoni. Asipoita, unakaa kwako. Ukienda bila kuitwa, kesho utaambiwa ndege wote wa bonde umewaleta wewe.

"Nikiwaona, naita," Regula alisema. Akaandika.

Nilimfinyangia vidonge vya udongo, nikavianika, nikamwonyesha kombeo. Alijifunza haraka, mkono wake ulikuwa na nguvu. Lakini asubuhi ya pili aliliweka chini.

"Kwa nini tuwaumize, Apolonia? Wana njaa."

"Ndiyo," nilisema.

Tangu hapo alikuwa akisimama juu ya dungu na kuwapigia makofi. Katika shamba la jirani alikuwepo mzee Melkiori, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika, aliyeamia ndege pale tangu sijazaliwa. Alinyoosha shingo.

"Mgeni, mbona unawapigia makofi? Wameimba vizuri?"

"Nawafukuza, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Wao wanadhani wameshinda mashindano ya kwaya. Watarudi na wenzao."

Watu wa madungu ya karibu walicheka hadi nikasikia mmoja akikohoa. Regula naye alicheka, akapunga mkono. Hakujua kuona haya. Ukimcheka, anadhani umempenda, na cha ajabu ni kwamba baada ya siku mbili tatu watu walikuwa wamempenda kweli. Mzee Melkiori alimletea muwa. Mama mmoja alimletea magimbi ya kuchemsha, akapita chini ya dungu langu bila kunitazama. Mimi nilikuwa nimekaa bonde lile misimu saba.

Makofi yalitosha kwa videge viwili vitatu vya asubuhi. Kwelea kwelea walikuwa bado hawajashuka. Hao wakija ni wingu, na wakitua dakika chache, kinachobaki ni mabua yaliyosimama wima kwa sababu hayana tena cha kuinamia. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba ana saa, na kwamba kila nusu saa anasimama na kuangalia pande zote nne. Alikuwa na saa kwenye mikono yote miwili, kwa hiyo nadhani aliangalia mara mbili.

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne. Asubuhi ile Regula alikuwa na redio ndogo ya kaseti ya kiunoni, yenye nyaya za kuvaa masikioni, na alikuwa akimwandikia mama yake barua, mgongo ameuelekeza mtoni. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye, hakuficha hata moja. Kwelea kwelea walitoka kwenye matete, wakazunguka, wakatua juu ya ngwe yangu yote. Alipoinua kichwa kugeuza kaseti aliona mpunga umekuwa wa kahawia na unatembea.

Hakupiga kelele. Alisahau neno la kuita. Aliruka chini bila ngazi, akaingia katikati ya ndege akiwa anapunga daftari.

Niliyowaeleza watu ni haya: nilikuwa mwisho wa shamba kubwa, upande wa matete, kamba ya makopo, ile ya kutikisa ili kuwatisha ndege, imekatika, nimeinama naifunga. Sikuona. Na Regula hakuniita.

Mzee Melkiori ndiye aliyefika kwanza, kisha mimi, kisha wengine, na tuliwaondoa. Walipokwisha kuinuka palikuwa kimya kabisa. Nilishika suke moja, nikalibonyeza kwa vidole, likawa maganda. Nikashika jingine. Mzee Melkiori alikuwa amesimama pembeni yangu, anatazama shamba kubwa, kamba yangu ndefu na makopo yake yote yananing'inia.

"Na kamba yako nayo," akasema, "ikachagua leo."

Tangu siku hiyo hakunitania tena.

Regula alilia. Alilia amekaa kwenye tope, na uso wake ulivimba kiasi kwamba mama mdogo, alipofika kesho yake na lori la chumvi, alidhani ameumwa na nyuki. Alipoambiwa sababu alipiga goti, akamfuta uso kwa khanga yake.

"Basi, mwanangu, basi. Ni mpunga tu. Ndege ni wa Mungu."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na mikono yangu ina maganda ya ule mpunga tu.

Jioni baba mdogo alinunua jogoo kwa jirani, ili mgeni atulie. Mimi nilimnyonyoa. Wakati nanyonyoa baba mdogo alikuja akasimama nyuma yangu, akahangaika na kofia yake.

"Wewe hukukosa," akasema. "Adabu ni adabu. Hakukuita, ungefanyaje?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Hatuwezi kumgombeza. Ni mgeni, na watu wa kwao watasikia. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mwakani utapata ngwe nyingine. Nzuri kuliko hii. Hujakasirika?"

"Hapana."

"Nilijua," akasema, akaenda kumwambia Regula kwamba Apolonia hajakasirika. Nikasikia kilio kinaanza upya, cha shukrani sasa.

Ngwe ilitoa madebe matatu, mengi makapi. Mwezi wa saba lori la masista lilipita kukusanya wasichana, na lilisimama mbele ya duka la mtaani kwetu kupakia mpunga wao. Nilikuwa bombani. Nilijaza ndoo, ikajaa, nikaiacha imwagike mpaka lori likaondoka. Mwaka uliofuata nilipewa ngwe kweli, ikatoa magunia mawili na nusu, lakini masista walikuwa wamebadilisha utaratibu. Sasa walitaka cheti cha darasa la saba.

Regula alikaa mpaka Desemba. Hakuvaa tena nyaya zake masikioni, na kila nilipochota maji alichota na yeye, ndoo nzima sasa, bila kumwaga. Hata hilo liliniudhi. Siku ya kuondoka, kwenye stesheni ya TAZARA, alivua ile saa ya mkanda mwekundu akanifunga mkononi. Watu wa kamati wakapiga makofi kama yeye alivyowapigia ndege.

"Ukiitazama utajua mimi nafanya nini," alisema.

Ilisimama kabla ya Pasaka. Iko kwenye kopo la vifungo. Sikuwahi kutaka kujua anafanya nini.

Barua yake ilikuja mwaka 1996, katikati, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wengi hapa. Mama mdogo aliisoma kwa sauti baada ya chakula, mbele ya baba mdogo na Edna aliyekuwa likizo, na majirani wawili. Regula alisema ameandika insha kuhusu ndege wa Kilombero na walimu wake wameisoma mbele ya shule nzima. Alisema ameeleza jinsi alivyoharibu mpunga wa dada yake Apolonia, mpunga ambao ungempeleka kusoma, na jinsi dada huyo hakumkasirikia hata kidogo. Alisema amejifunza kwangu msamaha. Mama mdogo alisimama hapo, akafuta jicho.

"Mtoto huyu ana moyo," baba mdogo akasema, akinionyesha kwa kidole. "Hana shule, lakini ana moyo."

Edna alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Wote walinitazama. Wamekaa wakinitazama hivyo mpaka leo, na anapotokea mtu wa kusimuliwa, hadithi inaanza na ndege na kumalizika na moyo wangu. Ninawasikiliza wakisimulia, na ninawadharau wote, kwa sababu hakuna hata mmoja, katika watu wote wale, aliyewahi kutembea hadi mwisho wa shamba kuitazama kamba. Mzee Melkiori tu ndiye aliyeitazama, naye kafa mwaka juzi.

Kamba haikukatika. Nilikuwa juu ya dungu langu, nimekaa, kombeo mkononi, kidonge kimo ndani. Niliwasikia kabla sijawaona, mlio kama mvua inayokuja juu ya majani makavu. Walipita juu ya kichwa changu. Walizunguka mara mbili juu ya shamba kubwa, nikawatikisia makopo, wakahama, na nilijua wanakohamia. Nilimwona Regula na mgongo wake na nyaya zake. Sauti yangu ni ndogo lakini ingefika, na hata kidonge cha kombeo langu kingefika. Ile adabu ya madungu ni ya majirani, si ya watu wa nyumba moja wanaokula sufuria moja. Hilo hata Regula angelielewa. Nilitaka washuke. Nilitaka aharibu kitu, mbele ya watu, kitu kisichopigiwa makofi, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa aharibu.

Nilisema moyoni, dakika moja tu. Kisha nikaongeza nyingine.

Yeye hakuwaona wale ndege. Mimi niliwaona.